Jina Halizibi Tundu: Ford, Mshairi na Mpaka wa Maneno

Katika lugha yetu neno jina hubeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni wa kuitwa: mtoto akizaliwa hupewa jina. Wa pili ni wa sifa: fulani ana jina, fulani amelipoteza jina lake, vijana wale wamewaharibia jina wazee wao. Hata kanga ina jina lake, nalo ni yale maneno yaliyopigwa chapa juu ya pindo, ambayo mvaaji huyachagua akijua fika nani atayasoma. Mswahili hakuona haja ya kuutenga mzigo mmoja na mwingine. Kwake yeye, mtu anavyoitwa na mtu anavyosemwa ni mambo yanayokua katika shina moja.

Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 34. Tangu nistaafu nimekuwa nikisoma historia ya kampuni moja ya magari ya Marekani, Ford, na marafiki zangu hunicheka: mwalimu wa fasihi na injini, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba historia ile, ukiyaweka kando mabati na vyuma, ni historia ya jina. Jina la mtu mmoja lilifanywa jina la kiwanda, likasifiwa, likachafuliwa, likatiwa kwenye gari bovu, na mwishowe likapelekwa kwa wenye fedha likawekwa rehani. Zaidi ya hayo, katika safari hiyo yote maneno yaliajiriwa kama vibarua, mara kwa wema, mara kwa uovu. Na wakati mmoja hata mshairi mkubwa aliombwa msaada. Sisi tunaojishughulisha na maneno tuna la kujifunza humo, hasa juu ya mpaka wa uwezo wetu.

Kwangu mimi jina Ford lilianza kuwa jina la trekta. Katika miaka ya 1970, kijiji chetu cha ujamaa karibu na Kilosa kililetewa trekta la Ford la rangi ya buluu. Wazee hawakuliita Ford. Waliliita Mkombozi, kwa kuwa asubuhi moja lililima shamba ambalo sisi na majembe yetu tulikuwa tukilimaliza kwa wiki nzima. Kabla ya hapo nilikuwa nimelisikia jina hilo redioni mwaka 1972, pale Hannu Mikkola na Gunnar Palm, wakiendesha Ford Escort, walipokuwa madereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Baadaye, chuoni nilikosomea ualimu, mkufunzi wetu wa falsafa ya elimu alikuwa na usemi aliopenda kuurudia: darasa si kiwanda cha Ford, na watoto hawatoki wote na rangi moja. Tulicheka bila kujua kiwanda hicho kilikuwaje hasa. Nilikuja kukijua nikiwa na mvi.

Katika Kiingereza neno hilo lina maana yake ya kale: mahali penye maji haba ambapo mtu huvuka mto kwa miguu. Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika familia ya wakulima jimboni Michigan. Baba yake alikuwa amehamia Marekani kutoka Ireland. Hakufaulu kwa jaribio la kwanza. Kampuni aliyoanza nayo mwaka 1899 ilivunjika. Ya pili, iliyokuwa na jina lake, aliiacha mwaka 1902 baada ya kutoelewana na wenye mitaji. Yeye alipoondoka, waliobaki wakaigeuza kuwa Cadillac. Ya tatu, iliyoandikishwa tarehe 16 Juni 1903, ndiyo iliyopo hadi leo.

Mwanzoni kampuni hiyo haikuhangaika na majina. Magari yake yaliitwa kwa herufi: A, B, C, F, K, N, R, S. Tarehe 1 Oktoba 1908 ikatoka T. Hilo ndilo jina zima: herufi moja, kama alama ya mwalimu pembezoni mwa daftari. Gari lenyewe lilikuwa jepesi, la juu juu, lenye kuhimili matope na mashimo ya barabara za shamba, na mkulima aliweza kulitengeneza mwenyewe kwa koleo na spana. Lilianza kuuzwa kwa takriban dola 850. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 bei yake ilikuwa imeshuka chini ya dola 300. Lilipofika mwisho wake mwaka 1927, magari zaidi ya milioni 15 ya aina hiyo yalikuwa yameundwa.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui mfano wa methali hiyo ulio wazi kuliko Model T. Kwa kuwa kampuni ililipa herufi tu, wanunuzi walilipa majina wenyewe. Lililodumu zaidi ni Tin Lizzie, yaani Lizzie wa Bati, jina la utani ambalo ndani yake mna dhihaka na mapenzi kwa pamoja, kama vile sisi tunavyomwita bibi mkorofi tunayempenda. Hakuna ofisi iliyoketi kulitunga. Lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakilisukuma gari hilo matopeni na kulisamehe. Ni jirani wa Mkombozi wetu wa Kilosa: yote mawili ni majina yaliyotolewa na mtumiaji baada ya kuona kazi.

Ili kuunda magari mengi kiasi hicho, Ford ilibadilisha namna ya kufanya kazi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, walianza kulisogeza gari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulizunguka gari. Kila mtu alisimama mahali pake, akafanya tendo moja, labda kukaza nati moja, na tendo hilo akalirudia mchana kutwa. Kazi ya kuunganisha fremu ya gari, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, mwaka uliofuata ilimalizika kwa saa moja na dakika 33. Lakini watu hawakuipenda kazi hiyo. Waliacha kwa wingi mno, hata kampuni ikawa inaajiri na kufundisha upya bila kikomo. Ndipo tarehe 5 Januari 1914 ikatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati ambapo ujira wa kawaida hapo kiwandani ulikuwa dola 2 na senti 34 kwa saa 9. Maelfu ya watu walijazana malangoni katika baridi kali. Jina la Ford likavuma duniani kama jina la tajiri anayewajali vibarua wake.

Hapo ndipo mwalimu wa lugha anapopaswa kusogeza kiti karibu. Dola 5 hizo hazikutolewa ovyo. Sehemu yake ilihesabiwa kuwa gawio la faida, na ili mtu alipate ilibidi aonekane anastahili. Kampuni iliunda idara maalumu ambayo wakaguzi wake walikwenda majumbani kuangalia kama mfanyakazi anakunywa pombe, anaweka akiba, ana wapangaji wengi mno chumbani, anaishi na mkewe wa ndoa. Na kwa kuwa wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka Poland, Urusi, Italia, Romania, Syria na kwingineko, wakafunguliwa shule ya Kiingereza mwaka huohuo wa 1914. Walimu walikuwa wafanyakazi wenzao waliojitolea, na masomo yalifanyika kabla au baada ya zamu. Sentensi za kujifunzia zilihusu kuamka, kunawa, kula mezani, kwenda kazini na kutii taratibu za kiwanda.

Mahafali ya shule hiyo yalikuwa mchezo wa kuigiza. Jukwaani palichorwa meli, na mbele yake pakawekwa chungu kikubwa mno. Wahitimu walishuka kutoka melini wakiwa wamevaa mavazi ya kwao, wamebeba vifurushi, wakaingia ndani ya chungu. Walimu wakakoroga kwa miiko mirefu. Kisha wahitimu wakatoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani, wakipunga bendera ndogo za Marekani.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi kuliko ninavyofikiria gari lolote. Sina nia ya kuwabeza waliohitimu. Mtu asiyejua lugha ya nchi anamoishi hunyonywa na kila mtu, na kumfundisha lugha hiyo ni kumpa silaha. Wengi walizitumia silaha hizo vizuri. Na mimi ni nani wa kuhukumu, ilhali maisha yangu yote nimeyatumia kuwafundisha Kiswahili watoto waliofika darasani na Kikaguru, Kiluguru, Kisagara na Kimaasai? Kiswahili kimetuunganisha, na umoja huo si jambo dogo katika bara letu. Mama yangu alinibembeleza kwa Kikaguru, na kwa Kiswahili nikapata kazi, mke na marafiki kutoka pembe zote za nchi. Sioni haya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Lakini ipo tofauti kati ya kumwongezea mtu lugha na kumchovya chunguni. Tofauti hiyo haimo katika sarufi inayofundishwa. Imo katika kile anachotakiwa kukiacha mlangoni. Shule ya Ford ilimtaka mwanafunzi aingie na kifurushi na atoke mikono mitupu. Lugha mpya ilikuwa vazi la kiwandani, na sharti la kulivaa lilikuwa kuvua lile la kwanza. Tunaposifia ukuaji wa Kiswahili katika majukwaa yetu, nami nausifia, ni vyema tujiulize kila mara vifurushi vya watoto wetu viko wapi. Methali za Kikaguru alizokuwa nazo mama yangu, nani amezihifadhi? Swali hilo Ford hawakujiuliza. Sisi hatuna udhuru wa kutojiuliza, kwa sababu tumekwisha kuona chungu kilivyo.

Ikiwa shuleni maneno yalitumika kuwafinyanga watu, gazetini yalitumika kuwaangamiza. Henry Ford alinunua gazeti dogo la mji wake, The Dearborn Independent, na kuanzia Mei 1920 gazeti hilo likaandika mfululizo mrefu wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi, likiwasingizia kila balaa la dunia. Wauzaji wa magari walishinikizwa kulisambaza. Makala zilikusanywa vitabuni, zikatafsiriwa kwa Kijerumani na lugha nyingine. Mwaka 1927, baada ya kushtakiwa mahakamani kwa kashfa na mwanasheria Aaron Sapiro, Ford alitoa barua ya kuomba radhi na gazeti likafungwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Vitabu viliendelea kuchapishwa Ujerumani, na mwaka 1938 utawala wa Hitler ulimvisha Ford nishani ya heshima, naye akaipokea.

Mtu anaweza kusema kwamba gazeti ni jambo moja na magari ni jambo lingine. Jina lilikuwa lilelile. Na mambo ya kiwandani hayakuwa tena kama yalivyosifiwa mwaka 1914. Machi 1932, katika dhiki kuu ya uchumi, watu wasio na kazi waliandamana kwenda kwenye kiwanda cha River Rouge. Polisi na walinzi wa kampuni wakawafyatulia risasi, na wanne wakaanguka na kufa siku hiyo. Mei 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga Walter Reuther na wenzake waliokwenda kugawa karatasi za chama cha wafanyakazi, na picha za nyuso zao zenye damu zikaenea magazetini. Ni mwaka 1941 tu, baada ya mgomo, ambapo Ford ilitia saini mkataba na chama hicho, ikiwa ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa za magari za Marekani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na tembo la Ford, kwa wafanyakazi na kwa wanunuzi vilevile, lilikuwa limeshatiwa maji. Wakati Henry aking'ang'ania Model T ileile mwaka baada ya mwaka, Chevrolet ilikuwa ikimpita.

Sasa nimfikie mshairi.

Mwaka 1955 Ford, chini ya mjukuu Henry Ford II, ilikuwa ikiandaa gari jipya la kuwavutia watu wa tabaka la kati. Safari hii herufi moja haikutosha. Kampuni ilifanya utafiti wa masoko, ikawauliza watu barabarani, ikalipa wakala wa matangazo aliyeleta maelfu ya majina. Mtu mmoja wa idara ya utafiti akapata wazo jingine: kwa nini tusimwombe mshairi? Wakamwandikia Marianne Moore, mama wa miaka 67 hivi, mmoja wa washairi walioheshimiwa kuliko wote Marekani, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952. Walimweleza kwamba walitaka jina litakaloibua hisia ya wepesi na ufahari.

Moore aliichukua kazi hiyo kwa uzito na kwa furaha ya mtoto. Alituma orodha baada ya orodha. Alipendekeza Silver Sword, yaani Upanga wa Fedha. Resilient Bullet, risasi isiyovunjika moyo. Intelligent Whale, nyangumi mwenye akili. Andante con Moto, istilahi ya muziki. Na Mongoose Civique, ambalo ni nguchiro aliyepewa uraia. La mwisho na lililovuma zaidi ni Utopian Turtletop, mfano wa kusema gamba la kobe wa nchi ya ndoto. Kampuni ilimtumia maua ya waridi wakati wa Krismasi, na baadaye ikamjulisha kwa adabu kwamba jina lingine limechaguliwa. Barua hizo zilichapishwa katika jarida la The New Yorker mwaka 1957, na watu huzisoma hadi leo wakicheka.

Mimi nazisoma bila kumcheka Moore. Alifanya kile ambacho mshairi hufanya: alitazama kitu ambacho hajakiona, akatafuta katika dunia nzima viumbe wenye sifa alizoelezwa. Tatizo ni kwamba hakukuwa na kitu. Aliombwa ampe jina mtoto ambaye hajazaliwa, kwa kusimuliwa ndoto za wazazi wake. Majina yake ni mashairi mafupi yasiyo na mada, nayo hayakuwa na mada kwa sababu aliyeyaagiza hakuwa nayo.

Jina lililochaguliwa ni Edsel. Nalo lina huzuni yake. Edsel Ford alikuwa mwana pekee wa Henry. Alikuwa rais wa kampuni tangu mwaka 1919 hadi kifo chake mwaka 1943, akiwa na miaka 49, lakini baba yake alimnyima mamlaka na mara nyingi alimdhalilisha mbele ya watu. Alikuwa mtu mpole, mwenye jicho la sanaa. Ni yeye aliyegharimia michoro mikubwa ya Diego Rivera katika jumba la sanaa la Detroit, iliyochorwa mwaka 1932 na 1933, ambamo wafanyakazi wa River Rouge wanaonekana wakubwa na wenye heshima kama wafalme wa kale. Wanawe hawakuvutiwa na wazo la kulibandika jina la marehemu baba yao kwenye gari. Likabandikwa hivyo hivyo, na yale majina mazuri ya wakala, Citation, Corsair, Pacer na Ranger, yakapewa matoleo ya gari hilo.

Edsel ilizinduliwa tarehe 4 Septemba 1957 kwa matangazo makubwa. Wanunuzi walikuta gari la ghali wasiloelewa limewekewa nani, lenye uso wa mbele uliowafanya watu wautanie. Baadhi ya magari yalitoka kiwandani na kasoro. Na uchumi ulikuwa unadorora. Kampuni ilitarajia kuuza zaidi ya magari 200,000 kwa mwaka. Hadi lilipositishwa Novemba 1959, magari yote ya Edsel hayakufikia 120,000, na hasara hukadiriwa kuwa dola milioni 250. Tangu hapo, Marekani neno Edsel limekuwa nomino ya kawaida yenye maana ya jambo lililoandaliwa kwa kishindo likaambulia patupu. Hivyo mtu aliyelipia michoro ya Rivera amebaki katika lugha ya nchi yake kama neno la mzaha. Wafu hawawezi kujitetea. Majina yao yako mikononi mwetu, na hilo ni jambo ambalo kila anayetaka kuupa mradi wake jina la marehemu angelipima mara mbili.

Je, Edsel ingeokoka kama ingeitwa Utopian Turtletop? Sidhani. Wala siamini kwamba jina ndilo lililoiua. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu hayo kwa ubeti huu, nao nauweka hapa kwa kuwa wapenzi wa bahari hii mtauelewa:

Jina ni kama amana, mlinzi wake ni kazi,
Wapambaji wakazana, wakalivika mavazi,
Lakini chombo hakina, mafundi wenye ujuzi,
Jina likipambwa sana, halizibi tundu wazi.

Miaka ya 1970 ilileta ushahidi mwingine. Gari dogo la Pinto lilipewa jina zuri, la farasi wa madoadoa, ndugu wa Mustang aliyeuzwa kwa mafanikio makubwa tangu mwaka 1964. Lakini tangi lake la mafuta liliwekwa mahali ambapo likigongwa kwa nyuma liliweza kupasuka na kuwaka, na watu walikufa. Mwaka 1978 Ford iliagiza takriban magari milioni 1.5 yarudishwe kurekebishwa. Kilichowachoma watu zaidi ni kujulikana kwa hati ya kampuni iliyolinganisha gharama za matengenezo na gharama za vifo, ikitumia kadirio la serikali lililoweka uhai wa mtu mmoja kuwa dola 200,000. Hati hiyo ilihusu magari kwa jumla na ajali za kupinduka, wala si Pinto pekee, lakini umma haukuwa na subira ya kutenganisha. Uhai ulikuwa umeandikwa katika safu ya hesabu, na hakuna tangazo lililoweza kuufuta mstari huo.

Kisha ikaja siku ya rehani. Mwishoni mwa mwaka 2006, Ford ikiwa katika hasara kubwa, mkuu mpya wa kampuni, Alan Mulally, alikwenda kwa mabenki kukopa zaidi ya dola bilioni 23. Dhamana ilikuwa karibu kila kitu: viwanda, mali na nembo yenyewe, ile duara ya buluu iliyobanwa kama yai, yenye neno Ford kwa mwandiko wa mkono. Jina liliwekwa rehani, na safari hii sisemi kwa sitiari. Miaka miwili baadaye msukosuko wa uchumi ulipozipeleka General Motors na Chrysler kufilisika na kunusurika kwa fedha za serikali, Ford ilikuwa na akiba ya mkopo wake na haikufilisika. Mwezi Mei 2012, baada ya wakadiriaji wa mikopo kuipandisha daraja, nembo ilirudishwa kwa mwenyewe.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka jinsi tunavyodhani kwamba thamani ya maneno ni jambo la washairi peke yao. Wenye mabenki si watu wa mashairi, lakini walilipima neno moja lenye herufi nne wakaona linafaa kuwekwa sandukuni pamoja na hati za viwanda. Ambacho hawakuweza kufanya, wala mshairi hakuweza, ni kulitengeneza neno kama hilo kwa siku moja. Thamani yake ilikuwa imelimbikizwa na wakulima waliotengeneza Model T kwa koleo na spana, na vibarua waliokaza nati ileile maisha yao yote. Ilikuwa imepunguzwa na gazeti la Dearborn, na risasi za River Rouge, na tangi la Pinto. Jina zima, na mema yake na madoa yake, ndilo lililokwenda rehani.

Kazi yetu basi ni ipi? Si kutunga majina ya kuficha tundu; hiyo ni kazi inayolipwa vizuri na isiyodumu. Naona yetu ni ile ya kuyaokota majina ambayo watu wenyewe wametoa baada ya kuona kazi, kabla hayajasahauliwa. Kiswahili hakikulisubiri gari lipewe istilahi na kamati: mabaharia walichukua usukani wa jahazi wakauweka mbele ya dereva, na hadi leo tunaushika bila kukumbuka bahari. Kila mtaa na kila kijiji kilikuwa na Mkombozi wake, na basi lake lililojulikana kwa jina la utani kuliko jina la mwenye basi. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanazidi kupungua. Mwenye mzazi au babu aliye hai amwulize jioni hii gari la kwanza kufika kwao liliitwaje na watu, na kwa nini, kisha aliandike jibu kama lilivyotamkwa, kwa Kiswahili au kwa lugha iliyotangulia Kiswahili nyumbani kwao.